Daftari la Wakazi wa Kando ya Mto

Anayeishi kando ya Mto Ngong, pale unapotoka nyuma ya viwanda na kuingia Mukuru, hahitaji kuambiwa kwamba maji yamebadilika. Hunusa akiwa bado kitandani. Mama anayefua nguo anazijua siku ambazo povu hupanda mawe, na watoto wanajua ni wapi maji huwasha miguu. Ujuzi huo, hata ukiwa wa watu elfu kumi, hauna uzito ofisini mpaka uandikwe pamoja na tarehe, saa, mahali na shahidi. Kazi ya haki ya mazingira katika mitaa ya Nairobi imetufundisha hilo kuliko jambo lingine lolote, na tunalieleza hapa kwa undani kwa ajili ya kikundi kinachoanza leo na hakijui kishike wapi.

Sheria yenyewe iko upande wa mkazi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda na kuhifadhi mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Wengi wakifika hapo hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Hutadaiwa jeraha, lakini utadaiwa uthibitisho kwamba uchafuzi upo, unatoka wapi, na umeendelea tangu lini. Majibu ya maswali hayo matatu hukusanywa na wakazi wenyewe, miezi mingi kabla wakili hajaonekana.

Nunua kaunta buku moja yenye jalada gumu. Daftari la kuchana kurasa halifai, kwa sababu ukurasa ukikosekana, upande wa pili utauliza kilichokuwamo. Andika namba kwenye kila ukurasa kabla ya kuanza, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Tumia kalamu ya wino, kamwe si penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, kisha weka sahihi pembeni. Usifute wala usipake rangi nyeupe. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali hasa (jina la daraja, namba ya nguzo ya stima, au vipimo vya ramani kutoka kwenye simu), kilichoonekana, hali ya mvua na upepo, majina ya mashahidi wawili, na namba za picha zilizopigwa. Kilichoonekana kiandikwe jinsi kilivyoonekana: “maji ya zambarau, povu jeupe la kimo cha kiganja, harufu ya rangi ya mbao, mvuke unatoka.” Usiandike “sumu.” Neno hilo ni hukumu, na daftari la shahidi halitoi hukumu.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kuandika siku mbaya tu. Mtu anaona maji mekundu, anakimbilia daftari; maji yakiwa ya kawaida, analiacha kabatini. Baada ya miezi mitatu ana kurasa kumi za maovu ambazo hazionyeshi lolote, kwa kuwa hakuna cha kulinganisha nacho. Andikeni asubuhi na jioni kwa siku 30 mfululizo, maji yakiwa safi au machafu. Kisha ongezeni saa za usiku kwa kupokezana. Hapo ndipo mpangilio hujitokeza: labda maji machafu huja usiku wa manane katikati ya wiki, labda huja mvua kubwa inapoanza tu, wakati ambapo kila mto ni tope na hakuna atakayetofautisha. Mkaguzi akija saa nne asubuhi siku ya kazi, atakuta maji yametulia na atarudi kuandika kwamba hakuona kitu, naye atakuwa amesema kweli. Daftari lenye saa ndilo linalomfanya aje saa inayostahili.

Picha nazo zina adabu yake. Washa mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga. Piga ya mbali kwanza, yenye kitu kisichohama: daraja, ukuta, mnara wa maji. Kisha piga ya karibu, yenye kitu cha kupimia, kwa mfano chupa ya soda kando ya mdomo wa bomba. Usitegemee nakala iliyopita kwenye WhatsApp, kwani ikitumwa hivyo hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya faili. Ile ya asili ibaki kwenye simu iliyoipiga na inakiliwe kwenye kadi ya kuhifadhia kila Jumapili. Nyuso za watoto zisionekane, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

Kuhusu sampuli za maji, tuseme wazi: matokeo mtakayopeleka wenyewe huenda yasikubaliwe mahakamani kama neno la mwisho, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ina utaratibu wake wa wakaguzi, maabara na wachanganuzi waliotangazwa rasmi. Kazi ya sampuli yenu ni kuilazimu ofisi ya serikali ije ichukue ya kwake. Kwa kazi hiyo inatosha sana, mradi ichukuliwe vizuri.

Chukueni sampuli mahali patatu, si mahali pamoja tu: hatua kama hamsini juu ya bomba, pale bomba linapomwaga, na hatua mia moja chini yake. Kikundi kinachochukua chupa moja tu chini ya bomba huambiwa kwamba uchafu ulitoka juu, na hakina jibu. Anayechota asimame akielekea mto unakotoka, azamishe chupa bila kutibua matope ya chini, na aanze na sehemu ya chini ya mto akipanda juu, ili nyayo zake zisichafue sampuli inayofuata. Avae gambuti na glavu, na mwenzake abaki ukingoni. Kwa vipimo vya kemikali, chupa safi ya plastiki ya lita moja isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya mto kabla ya kujazwa. Kwa vijidudu, sheria ni kinyume kabisa: chupa iliyotakaswa ichukuliwe maabara, isisuuzwe, mdomo wake usiguswe kwa kidole, na iachwe na nafasi ya vidole viwili juu. Sampuli zote ziwekwe kwenye boksi lenye barafu. Ya vijidudu ifike maabara ndani ya saa sita. Foleni ya magari ya Jogoo Road imeharibu sampuli nyingi kuliko uzembe; pangeni kuchota alfajiri siku ambayo maabara inafunguliwa, na mtu wa boda boda awe tayari anasubiri.

Msiagize kila kipimo, kwa sababu kila kimoja kina bei yake. Anzeni na vile ambavyo Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliviwekea kikomo kwa maji taka yanayoingia mtoni: pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 6.5 na 8.5, BOD, yaani oksijeni inayohitajika na vijidudu kuozesha uchafu, isizidi miligramu 30 kwa lita, COD, yaani oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali, isizidi 50, chembe zinazoelea zisizidi 30. Kipimo cha BOD huchukua siku tano ndani ya maabara, kwa hiyo msimtilie shaka fundi anayesema mngoje wiki. Karatasi za kupima pH ni rahisi na hutoa jibu papo hapo, lakini zisomwe mchana na si chini ya taa ya njano, na rangi isomwe kabla haijakauka.

Hewa ni ngumu zaidi kushika. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kuingia. Wanaoishi Korogocho, Dandora na Kariobangi wanaujua moshi wake vizuri kuliko kipimo chochote. Vifaa vidogo vya kupima hewa vimeanza kufika mikononi mwa vikundi, navyo husaidia, ila vina udhaifu ambao lazima ujulikane. Huhesabu chembe kwa mwanga wa leza, na asubuhi yenye ukungu matone ya unyevu huhesabiwa kama moshi, hivyo namba za Julai alfajiri huwa juu kuliko ukweli. Kifaa kitundikwe mita mbili hadi tatu kutoka chini, mbali na jiko, mbali na kibanda cha chapati, na kisielekezwe kwenye dohani ya jirani. Kabla ya kuvitawanya, wekeni vyote mahali pamoja kwa wiki nzima; kinachotofautiana sana na wenzake kiandikwe pembeni. Tokeni za stima zikiisha, andikeni saa kilipozimika na saa kilipowaka, la sivyo pengo hilo litasomwa kama udanganyifu. Cha kulinganisha nacho ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021: kwa PM2.5, yaani chembe ndogo sana za hewani, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka.

Na penye jaa pana watu wanaokula kutoka jaani. Mkutano wowote wa kudai Dandora ifungwe ambao hauna waokotaji wa taka mezani ni mkutano wa nusu ya watu. Wao ndio wanaojua ni malori gani huleta taka za hospitali na ni sehemu gani huwaka chini kwa chini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu zinakotoka. Hilo huvunjikia kwenye mkokoteni: nyumba inatenga magunia mawili, kijana anakuja na mkokoteni mmoja na kuyamwaga pamoja, na baada ya wiki mbili hakuna anayetenga tena. Dawa yake ni siku tofauti. Za kuoza zichukuliwe angalau mara mbili kwa wiki kwa sababu hazingoji. Zisizooza zaweza kukaa hadi Jumamosi.

Turudi kwenye karatasi. Malalamiko mengi ya wakazi hufa si kwa sababu yamekataliwa, bali kwa sababu yamepelekwa mahali pasipo pake. Maji taka ya kiwanda mtoni ni ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sua, yaani bomba la majitaka, iliyopasuka ni ya kampuni ya maji ya jiji. Taka za majumbani na mitaro ya barabara za mtaani ni za kaunti. Barua moja yenye mambo yote manne huzunguka madawati bila mwenyewe. Andikeni barua nne fupi. Kila moja iwe na jambo moja, mahali pamoja, tarehe tatu au nne zilizonakiliwa kutoka kwenye daftari, ombi moja, na siku mnayotarajia jibu. Pelekeni nakala mbili; moja iachwe, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nanyi. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Kikundi kilichosajiliwa huandika kwa nguvu zaidi kuliko mtu mmoja, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inahitaji watu kumi tu kuanzisha.

Silaha ambayo haitumiki vya kutosha ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria inasema hivyo waziwazi, kwa hiyo mama asiyeandika Kiingereza asimngoje kijana wa chuo. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na inaweza kujiongezea siku 14 zaidi kama habari ni nyingi. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, peleka suala kwa Tume ya Haki za Utawala. Lakini ombi liwe jembamba. Ukiomba “habari zote kuhusu uchafuzi wa mto,” utapewa brosha. Omba leseni ya kumwaga maji taka ya jengo lililo mahali fulani, ripoti yake ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, na rekodi za vipimo ambavyo mwenye leseni amewasilisha. Hata jibu la “hatuna” ni ushahidi mkubwa, kwa sababu mahali penye leseni lazima pawe na rekodi, na pasipo na leseni mna jambo lingine zito zaidi.

Sasa mikutano. Hapa ndipo jamii hupoteza bila kujua kwamba imepoteza. Mwenye mradi anatakiwa kuwashirikisha wakazi kabla ya kupewa leseni ya mazingira. Anaitisha kikao Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambapo watu wa vibarua wamekwenda Industrial Area na akina mama mboga wako Marikiti. Wanaofika ni wenye nyumba, wazee wa kijiji na vijana wachache waliosikia kuna nauli. Fomu inapita, kila mtu anaandika jina, namba ya kitambulisho, sahihi, kisha anapewa shilingi zake. Miezi miwili baadaye fomu ile ile imefungwa nyuma ya ripoti chini ya kichwa kinachosema jamii ilishirikishwa na ikaunga mkono. Waliosaini walidhani wanasainia nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, soma kichwa cha fomu. Kama hakina kichwa, kiandike mwenyewe: “Waliohudhuria tu, si idhini.” Kama una pingamizi, liandike kando ya jina lako kwa maneno matano. Piga picha ya fomu nzima ikiwa imejazwa. Ombeni kumbukumbu za mkutano kwa maandishi, na kama hazijaletwa ndani ya siku saba, andikeni za kwenu na kuzipeleka NEMA mkiwa na majina. Saa ya mkutano pia ni haki ya kudai: Jumapili saa tisa alasiri huleta watu wengi zaidi katika mitaa mingi, Ijumaa adhuhuri haifai kamwe Eastleigh, na mkutano wa baada ya magharibi huwafungia nje wanawake ambao njia yao ya kurudi haina taa. Na tofauti ya mwenye nyumba na mpangaji isifichwe. Mwenye nyumba anaweza kulipwa fidia na kuondoka; mpangaji ndiye anayebaki akinywa vumbi. Wawe na viti tofauti, na wapangaji wasemewe na mpangaji.

Mradi mkubwa ukifikia hatua ya ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira, tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye magazeti ya kila siku, na umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Siku hizo hukimbia. Tano huishia kupata ripoti yenyewe, kumi kuisoma. Gawaneni sura: mmoja asome maji, mmoja hewa, mmoja ile sehemu ya “maoni ya umma” kwa sababu humo ndimo mtakuta majina yenu. Leseni ikishatolewa, anayepinga ana siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba ushirikishaji wa umma haukufanywa ipasavyo: wakazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisikia na kuijadili ripoti yenyewe. Kila kikundi cha Nairobi kingefaa kuijua hukumu hiyo, kwa maana mikutano ya utangulizi kabla ya ripoti kuandikwa haitoshi, na sasa kuna uamuzi unaosema hivyo.

Mambo ya fedha yana kalenda yake, na kalenda haingoji mafuriko. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya Mkakati wa Fedha, kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kabla ya 30 Aprili. Mvua ya masika huja Machi hadi Mei, watu wanapiga kelele kuhusu mitaro mwezi wa Mei, na kufikia hapo fedha za mwaka ujao zimekwisha kugawanywa. Ombi la mtaro liandikwe Julai, jua likiwaka. Nalo liwe la kitu kinachoweza kuonekana: mtaro wa mita 120 kutoka kalavati fulani hadi daraja fulani, upana wa sentimita 60, wenye mifuniko inayofunguka. Ombi la “tusafishiwe mto” haliwezi kuingia kwenye safu ya bajeti, na karani hata akiwa na moyo mzuri hana pa kuliandika. Ongezeni picha, idadi ya milango inayofurika na jina la wadi. Mpeni MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, nakala, na karani wa kamati nakala nyingine. MCA hubadilika baada ya uchaguzi, faili hubaki.

Upandaji wa miti tutaupita haraka. Ni mzuri, na Profesa Wangari Maathai alituonyesha kwenye msitu wa Karura mwaka 1999 kwamba mche unaweza kusimama mbele ya mnyakuzi wa ardhi. Swali letu huwa moja: nani ataumwagilia Januari, na mbuzi watazuiwa na nini? Kama halina jibu lenye jina la mtu, miche isichimbiwe.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaua watu Mathare na kwingineko jijini, na maji yalipopungua, nyumba zilizo karibu na mto zikabomolewa. Mita 30 ndizo zilizotajwa. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kingo ya mto kuwa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka kimo cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Soma tena maneno ya mwisho. Kimo kilichorekodiwa. Kama hakuna aliyekirekodi, anayekuja na tepu na tingatinga ndiye atakayeamua. Kwa sababu hiyo, maji yakishuka tu, kabla watu hawajaosha kuta, pigeni mstari wa rangi ya mafuta pale yalipofika, andikeni tarehe juu yake, pimeni kutoka sakafuni kwa tepu, pigeni picha, na muingize yote daftarini. Fanyeni hivyo kwenye nyumba ishirini, si moja. Na kuhusu kuondolewa, Sheria ya Ardhi baada ya marekebisho ya 2016 inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa kwenye ardhi ya umma. Kuokoa maisha usiku wa mafuriko ni jambo moja; kubomoa bila notisi jua likiwa limeshawaka ni jambo jingine, na mtaa usikubali yachanganywe.

Orodha ya wakazi ndiyo ngao ya pili. Kila mlango upewe namba kwa rangi, na kila namba iwe na jina, idadi ya watu, mwaka walioingia, mpangaji au mwenye nyumba, na mtu asiyeweza kutembea kama yupo. Mukuru ilifika pale ilipofika, kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, kwa kuwa wakazi na washirika wao walikuwa wamekusanya takwimu za mtaa wao kwa miaka kabla ya hapo. Orodha hiyo hiyo hutumika usiku wa maji. Mvua ikinyesha Kikuyu na Limuru, Mathare inaweza kuwa kavu na mto bado ukaja umejaa, kwa hiyo muwe na mtu wa kupigiwa simu huko juu. Nguzo ya daraja ipakwe mistari kila sentimita 20: kijani, njano, nyekundu. Maji yakigusa njano, mlinzi anapiga simu kwa watu watatu, na kila mmoja wao kwa watatu wengine. Simu ya sauti na si ujumbe wa mtandao, kwa sababu bando huisha na watu hulala. Filimbi tatu ndefu kwa wasio na chaji. Kabla ya kubeba chochote, stima izimwe, hasa pale nyaya zilipounganishwa kiholela chini chini, kwani maji yenye umeme hayana onyo. Wanaobeba wasiotembea wajulikane kwa majina tangu kiangazi, wawili kwa kila mgonjwa.

Jambo gumu kuliko yote si la kiufundi. Kiwanda kinachomwaga maji machafu ndicho kinachomlipa jirani yako kibarua. Ukimlaumu, umempoteza shahidi bora uliyeweza kumpata, maana yeye anajua bomba lipi linaelekea wapi. Msiandike majina ya wafanyakazi kama hao kwenye daftari kuu. Wapeni alama, na ufunguo wa alama ukae kwa mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote. Dai lenu lisiwe kufungwa kwa kiwanda kama kinachotakiwa ni mtambo wa kusafisha maji taka. Lakini kuna sumu zisizo na mjadala. Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia kwenye damu ya watoto. Kesi ilifunguliwa 2016, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaipindua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka minane. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walivumilia vitisho muda huo wote na kabla yake, na kilichobeba kesi ni vipimo vya damu na vya udongo vyenye tarehe.

Miaka minane ni mirefu kuliko upangaji wa mtu yeyote Nairobi. Kodi ikipanda, mtunza daftari anahamia Kayole au anarudi nyumbani, na kaunta buku inaondoka kwenye sanduku lake pamoja na sufuria. Wekeni watunzaji wawili, wasioishi ploti moja na wasio na mwenye nyumba mmoja. Kila Jumapili kurasa za wiki zipigwe picha na kutumwa kama faili kwa watu watatu, mmoja wao akiwa nje ya mtaa. Mtunzaji anapoondoka, akabidhi mbele ya mashahidi wawili: aandike “Nimekabidhi kurasa 1 hadi 87,” mpokeaji aandike “Nimepokea,” wote wasaini, na ingizo la jioni hiyo hiyo liandikwe kwa mkono mpya.